Sura ya Saba: Miti ya Kiwanja cha Bondeni

Maji ya Kalerwe, mtaa wa bondeni mjini Kampala, hayaelekei Ziwa Victoria. Jambo hili huwashangaza hata baadhi ya wakazi wa Kampala, kwa sababu ziwa liko karibu tu upande wa kusini, na mtu hudhani kila mtaro wa mji unamwagika humo. Mvua inayopiga mabati ya Kalerwe huingia mtaro wa Nsooba, huteremka Bwaise, hupita kinamasi cha Lubigi, hufuata Mto Mayanja mpaka Mto Kafu, na mwishowe huufikia Nile huko kaskazini. Ni safari ndefu yenye mteremko mdogo. Maji yatokayo Mulago, Makerere na Kyebando huja mbio, maana huko juu ardhi imezibwa kwa paa, lami na saruji. Yakishafika bondeni, hayana haraka tena. Husimama, hutafuta nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo ni sebule ya mtu.

Kabla ya nyumba, bonde hili lilikuwa la mafunjo. Barabara ya Northern Bypass, ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009 na sehemu yake kubwa ikafuata mabonde hayohayo. Baadaye mtaro wa Lubigi ukapanuliwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Mafuriko yamepungua mahali fulani na kuhamia pengine, lakini hayajaisha: mvua ya tarehe 26 Machi 2025 ilijaza mabonde ya Kampala na kuua watu, na Kalerwe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozama.

Naanza na maji kwa makusudi. Mwenye kiwanja kilimani anaweza kuchagua mti kwa kuupenda maua, kivuli au matunda. Mwenye kiwanja bondeni hana uhuru huo. Swali lake la kwanza ni kama mizizi ya mti huo inaweza kukaa ndani ya maji siku tatu, wiki moja, mwezi mzima, na bado ikaishi. Nenda kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara mjini Kampala usikilize wanunuzi. "Ssebo, huu unazaa baada ya miaka mingapi?" Muuzaji anajibu, mche unaingia kwenye buti la gari au unabebwa na bodaboda, na hakuna aliyeuliza unakokwenda. Natamani kila mnunuzi wa bondeni angetanguliza swali jingine: "Ssebo, huu unavumilia maji?"

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni kama sehemu nyingine yoyote hai ya mmea, na huipata kutoka kwenye vijitundu vya hewa vilivyomo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaza vijitundu hivyo, hewa hupenya kwa shida kubwa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani. Vijidudu vya udongo huimaliza ile kidogo iliyobaki, na baada ya hapo mizizi huanza kukosa pumzi. Cha ajabu ni kwamba mti unaozama huonyesha dalili za kiu. Majani yananyauka na kuwa manjano juu ya udongo uliojaa maji, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haiwezi tena kuvuta maji hayo. Mwenye nyumba akiona majani yamelegea, huchukua ndoo akaongeza maji, na hapo mti unakwisha.

Mipapai ndiyo inayokufa kwanza. Siku mbili hadi nne za maji yaliyosimama zinatosha kuuangusha mpapai ulioanza kuzaa. Mparachichi, ambao Kampala wanauita ovakedo, hufa taratibu zaidi lakini kwa hakika, kwa sababu udongo uliolowa humkaribisha adui wake mkubwa, kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi kinachoozesha mizizi midogo ya kunyonya chakula. Mfenesi nao hauvumilii miguu iliyolowa. Hii mitatu ndiyo inayopendwa kuliko yote katika nyumba za Buganda, na kwa haki, maana inalisha. Kwenye mteremko wa Kyebando ipande bila wasiwasi. Chini, karibu na mtaro, utakuwa unanunua mche mpya kila baada ya masika.

Sasa tutoke Kampala kidogo. Mashariki mwa Marekani kuna mti uliokwisha kulitatua tatizo hili, nao ni aina ya betula inayoota kingoni mwa mito, Betula nigra. Huko watu wa mijini wanaupanda sana nyumbani. Gome lake hubanduka lenyewe kwa tabaka nyembamba kama karatasi, likionyesha rangi ya maziwa, ya waridi na ya shaba, na mara nyingi huachwa uote mashina mawili au matatu kutoka chini ili gome hilo lionekane vizuri. Kinachonivutia zaidi ni mbegu zake. Betula nyingine hudondosha mbegu wakati wa vuli, lakini huu wa mtoni huzikomaza mwishoni mwa majira ya kuchipua, wakati mafuriko yanapopungua na kuacha tope bichi kingoni. Mbegu zinaangukia kwenye tope hilo na kuota upesi kabla halijakauka. Mti umejifunza ratiba ya mto.

Betula hiyo haitufai. Inahitaji majira ya baridi ili ilale, na baridi ya kutosha ndipo machipukizi yake yafumuke sawasawa. Kalerwe iko sehemu ndogo tu ya digrii kaskazini ya Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Siku ina saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima na hakuna usiku wa barafu. Mtu anaweza kuagiza mbegu akazipata, lakini atakuwa analea mgonjwa. Hata hivyo, tabia zake tunaweza kuzitumia kama kipimo: mti usiokuwa mkubwa kupita kiasi, unaostahimili maji yanayokuja na kuondoka, wenye sura nzuri mwaka mzima hata usipokuwa na maua. Miti ya namna hiyo tunayo. Baadhi ni ya hapahapa, mingine ilikuja zamani na imekwisha kuwa ya nyumbani.

Wa kwanza kwangu ni mwambalabutonnya. Hilo ndilo jina lake kwa Kiganda, na sijui mti mwingine wa mapambo unaostahili zaidi kiwanja kidogo cha bondeni. Asili yake ni Australia, na ile aina yenye matawi yanayoning'inia, Callistemon viminalis, kwao huota kandokando ya vijito, mahali ambapo mafuriko hupita juu yake na kuondoka. Kwa maneno mengine, kazi yake ni ileile ya betula ya mtoni, katika bara jingine lenye joto. Hufika mita tano hadi nane, kwa hiyo hausumbui nyaya za umeme ukipandwa kwa akili. Maua yake ni mekundu, yamejipanga kuzunguka kijiti kama brashi ya kusafishia chupa, na chozi huyafuata kuanzia asubuhi. Nyuki pia. Mbegu hukaa ndani ya vikasha vigumu vilivyoganda kwenye tawi, na vinaweza kukaa hapo miaka bila kufunguka. Ukitaka mbegu, kata kijitawi chenye vikasha, kiweke ndani ya bahasha mahali pakavu, na baada ya siku chache vitafunguka na kumwaga unga mwembamba wa mbegu. Upogoe mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa, utakata maua ya msimu unaofuata.

Kwa mwenye nafasi kubwa kidogo, mzambarau. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa anaujua tangu utotoni kwa ulimi uliogeuka zambarau. Kampala unaitwa jambula, na msimu wake ukifika matunda huuzwa kwa vikombe sokoni. Mzambarau unaweza kusimama ndani ya maji kwa muda mrefu bila kudhurika, na kivuli chake ni kizito kweli. Waingereza walipojenga New Delhi waliupanda kwa mistari kwenye barabara kuu ya sherehe za serikali, na mji ule una joto kali na masika ya kutisha. Lakini sipendi kuusifu bila kuonya. Unapita mita 15 kwa urahisi, na mingine hufika 20 na zaidi. Matunda yaliyoanguka hutia doa kwenye saruji, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye gari. Popo wa matunda huja usiku, na Kampala ina popo wengi. Kwa hiyo mzambarau ni mti wa uwanja wa shule, wa kanisa au msikiti, wa kona ya mbali ya kiwanja, angalau mita nane kutoka ukutani. Mbegu zake hazihifadhiki. Zipande wiki hiyohiyo uliyokula tunda.

Mpera ndio unaokaribia zaidi uzuri wa ile betula, ingawa hatuuangalii kwa macho hayo kwa sababu tumeuzoea. Litazame shina la mpera wa miaka kumi baada ya mvua. Gome limebanduka vipande vyembamba, chini yake kuna rangi ya shaba iliyochanganyika na kijani, laini kama limepigwa msasa. Ukiondoa matawi ya chini na kuacha mashina mawili au matatu, unapata mti wa mapambo ambao ungegharimu fedha nyingi kama ungekuwa na jina la kigeni. Mpera huvumilia udongo uliolowa kuliko miti mingi ya matunda, huzaa mapema, na ukikatwa vibaya huchipua tena. Tatizo lake ni nzi wa matunda. Okota mapera yaliyoanguka kila siku, uyafukie au uwape nguruwe wa jirani. Ukiyaacha chini, funza waliomo watakuwa nzi wa msimu ujao.

Mkindu sitauacha, ijapokuwa wauza miche wengi hawaupendi kwa sababu unakua polepole. Huu ni mti wa hapa kwetu hasa. Phoenix reclinata huota wenyewe kingoni mwa vinamasi na mito kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, na mabonde ya Buganda ni makazi yake ya asili. Wasusi wa mikeka Uganda hutumia majani yake machanga, kama wanavyofanya wasusi wa pwani na visiwani, ambako ukindu ndio malighafi ya mikeka mizuri. Huota kwa kundi, mashina mengi yakiinama pande zote, na kundi moja likiachwa peke yake kwenye pembe yenye maji hupendeza kuliko mstari wa miti iliyonyooka. Tahadhari ni miiba iliyo chini ya kila kuti. Usiupande kwenye njia ya watoto. Na ukitaka kokwa, jua kwamba mti dume na mti jike ni tofauti, kwa hiyo panda mitatu au minne.

Halafu kuna mutuba, na hapa inanibidi nikae kidogo.

Mutuba ni mtini, Ficus natalensis, na gome lake ndilo linalotoa lubugo, kitambaa kilichowavika Waganda kabla ya pamba na ambacho hadi leo hutumika katika mazishi, matambiko na sherehe za kifalme. Mafundi wanaohusishwa na kazi hiyo kwa urithi ni wa ukoo wa Ngonge. Wakati wa mvua fundi huchana gome kwa urefu wa shina, hulibandua lote kwa mzunguko, kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba ili jeraha lisikauke. Mti haufi. Gome jipya huota, na mwaka unaofuata linaweza kuvunwa tena. Lile lililobanduliwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kutoka nyundo nzito hadi nyepesi, mpaka linapanuka na kuwa laini, rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Ukitoka Kalerwe kuelekea magharibi hufiki mbali kabla ya kuliona lubugo kazini: katika Makaburi ya Kasubi, ambako wamezikwa makabaka wanne, pazia kubwa la lubugo hutenganisha wageni na sehemu iliyo takatifu. Jengo kuu la makaburi hayo liliteketea mwezi Machi 2010, na kulijenga upya kulihitaji lubugo, matete na nyasi, yaani mimea ya bonde na ya mashamba ya kaya za kawaida.

Ninaeleza haya kwa sababu mutuba umeanza kuonekana mjini kama mti wa bibi na babu, na wenye viwanja wanaung'oa kupanda miti ya kitalu yenye umbo la mshumaa. Ni hasara. Hakuna mti rahisi kuupanda kuliko huu: kata nguzo ya urefu wa mtu, nene kama mkono, ichimbie mwanzoni mwa mvua, na itachipua. Ila mahali pake ni ule upande wa kiwanja ulioinuka. Mutuba hupenda unyevu, lakini si maji yanayolala mwezi mzima. Na kama mitini mingine, mizizi yake hufuata maji popote yalipo, ikiwamo mabomba, mashimo ya choo na nyufa za msingi. Uweke mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kama kiwanja hakiruhusu mita kumi, acha. Mpera utakufaa zaidi.

Kuhusu mkalitusi nina maneno machache. Serikali ya kikoloni iliuingiza Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya kuni na ili unyonye maji ya vinamasi vilivyodhaniwa kuwa chanzo cha malaria. Bado kuna watu wanaoupanda bondeni kwa hoja hiyo. Unanyonya maji kweli, lakini kwenye kiwanja cha nyumba ni mti mrefu mno, matawi yake huanguka bila taarifa, na chini yake huota mimea michache. Kifabakazi, ule wenye maua ya rangi ya moto, una kasoro kama hiyo: mbao zake ni laini na tawi likikatika kwenye upepo wa mvua, linaangukia mabati yako.

Kabla ya kununua chochote, chimba. Shimo la kina cha sentimita 60 litakueleza mengi kuliko muuzaji yeyote. Kama udongo wa chini ni wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hukaa hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ukisikia harufu ya yai bovu, hewa haifiki kabisa. Jaza shimo maji siku isiyo na mvua, urudi kesho yake saa ileile. Kama bado kuna maji, mti wowote nje ya mwambalabutonnya, mzambarau, mpera na mkindu utateseka. Viwanja vingi vya Kalerwe vimejazwa udongo mwekundu wa kushindilia juu ya tope jeusi la zamani, na huo una tatizo la pili: ni mgumu kiasi kwamba shimo la mti hugeuka beseni. Vunja kuta za shimo kwa sururu, pande zote, usiache ziwe laini.

Pale penye maji mengi, usichimbe chini, panda juu. Tengeneza tuta la nusu mita kwenda juu na mita moja na nusu upana, kwa udongo wa juu uliochanganywa na mboji, na mche ukae hapo. Sentimita hizo 50 za kwanza ndizo zenye mizizi mingi ya kunyonya chakula, na kuziokoa kwenye maji ni kuuokoa mti. Hata mwembe, ambao uko katikati kwa uvumilivu wa maji, hufanikiwa juu ya tuta. Na hapa Kalerwe ina utajiri ambao vitongoji vya matajiri havina, nao ni soko. Kila siku soko hilo hupokea matoke kwa malori, na kila jioni kuna marundo ya majani ya migomba, maganda na mabaki ya mboga ambayo yasipoondolewa huishia mtaroni na kuuziba. Chukua gunia. Yaliyooza yawe mboji, majani makavu ya mgomba yawe matandazo kuzunguka mche, lakini yasiguse shina. Toa mifuko ya plastiki yote, kavera hata moja isizikwe, maana huzuia maji na mizizi kwa pamoja.

Kampala ina misimu miwili ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba. Wengi hupanda Machi. Kwa bondeni mimi napendelea Septemba, kwa sababu mvua za msimu huo kwa kawaida si nzito kama za Aprili, na mche unapata miezi ya kushika mizizi kabla ya mtihani mkubwa. Mche wa mita moja hushika vizuri kuliko wa mita tatu, hata kama ule mrefu unaonekana kuwa na faida. Ukiutoa kwenye kiriba, tazama mizizi. Kama imejizungusha ndani, ikate pembeni kwa kisu mahali pawili au patatu, la sivyo itaendelea kuzunguka mpaka ijinyonge. Mti wa bondeni unahitaji nguzo mbili za kuegemea, moja kila upande, zisizokazwa sana, kwa sababu udongo uliolowa haushiki, na maji yanayopita hubeba mche mzima. Baada ya mwaka ziondoe.

Usipande kwenye ukingo wa mtaro wenyewe. Mashine za halmashauri ya mji, KCCA, huja kuchimba tope, na dereva wa mashine hawezi kukwepa mwambalabutonnya wako. Isitoshe, kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito na vinamasi zinaweka ukanda wa hifadhi ambao haupaswi kujengwa wala kulimwa. Pale ambapo mafunjo bado yapo, yaache, maana hakuna mti utakaofanya kazi yao. Na mwenye nyumba asidanganyike: mti mmoja, au mitano, haizuii mafuriko yanayotoka vilima vitatu. Kinachowezekana ni kidogo lakini kinaonekana. Udongo chini ya mti wenye matandazo hunywa mvua za kawaida ambazo zingepita juu ya uwanja uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu, na maji ya mafuriko yakiondoka, uwanja huo hukauka mapema zaidi.

Wakazi wengi wa Kalerwe ni wapangaji, na mpangaji hupanda mti kwa ridhaa ya mtu mwingine. Zungumza na mwenye nyumba kabla, na mchague pamoja. Mpera huwa haupingwi, kwa sababu matunda yake hushusha mabishano. Pale ambapo hakuna udongo kabisa, safu ya vyumba na uwanja wa saruji, mwambalabutonnya hukaa miaka kadhaa ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa chini na kuinuliwa juu ya matofali mawili. Umwagilie wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, uupogoe uwe mfupi, na ukihama utahitaji vijana wawili na mkokoteni.

Mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ya kazi. Baada ya kila mafuriko, nenda ukaangalie shina: suuza tope lililoganda kwenye majani, ondoa takataka zilizojikunja shinani, na kwangua tabaka la tope jipya lililorundikana juu ya mizizi kama linazidi kimo cha kidole. Tope hilo huziba hewa kuliko maji yenyewe. Usiweke mbolea wakati majani ni manjano na udongo umelowa. Subiri udongo ukauke na majani mapya yatokee. Ikiwa hayajatokea baada ya mwezi, kwaruza gome kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti uko hai, uachie muda. Kukiwa na kahawia mpaka chini, ung'oe, inua tuta kwa sentimita 20 nyingine, na usubiri Septemba.